Petroli Ilikuwa Inakwenda Wapi?

Leo tumekuja na habari ya Land Rover kuukuu, na huenda mama mmoja aliyeketi jikoni anasema, “Basi leo mazungumzo ni ya wanaume na mafundi wao.” La, mama, usizime redio. Habari hii inahusu jina la mtu, na sisi ndio tuliolichafua. Lakini hatuwezi kueleza jinsi tulivyolichafua bila kueleza jinsi petroli inavyosafiri kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injini. Kwa hiyo mtuvumilie kidogo tukitaja pampu na kabureta.

Gari lenyewe ni Land Rover ndefu ya mwaka 1969, ya aina iliyoitwa Series IIA. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu huko Amsterdam mwaka 1948, na hizi za IIA zilitengenezwa tangu 1961 hadi 1971. Basi mwaka 2017, mambo haya yalipotupata, gari letu lilikuwa na miaka 48, limempita umri hata mchungaji wetu. Limebeba mahindi, mabati, wanakwaya, wagonjwa, na wafu. Mvua ya Aprili ikinyesha, barabara za kando ya msitu wa Kakamega zinageuka utelezi mtupu, matatu zinakataa kwenda, nalo huenda. Dereva wetu alikuwa ameliendesha kwa miaka 11. Hatutamtaja jina, maana jina lake limekwisha kutajwa vya kutosha.

Tangu Januari ya mwaka ule mweka hazina aliona kwamba petroli inakwisha upesi. Zamani lita moja ilitupeleka karibu kilomita 6. Sasa ikawa kilomita 5, na majuma mengine pungufu. Sisi tuliokuwa kamati ya gari tulikuwa watu watatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kufungua boneti bila kuomba msaada. Lakini hesabu tulijua. Tukaketi ofisini na stakabadhi zetu, tukajiuliza swali moja tu: nani analala na funguo za gari? Hatukuuliza swali la pili.

Mmoja wetu alishauri tununue kifuniko cha tangi chenye kufuli. Tulikinunua katika duka la vipuri, kizuri, kinang'aa, na ufunguo wake tukauweka sisi. Tukimtaka dereva ajaze petroli, mmoja wetu alikwenda naye mpaka kituoni, akafungua, akasimama hapo, akafunga. Dereva hakusema neno. Tulidhani ni ukimya wa mtu aliyebanwa.

Ajabu ni kwamba petroli iliendelea kupungua vilevile. Tena, juu ya hayo, gari likaanza ugonjwa mpya. Linaondoka vizuri, linakwenda kilomita kadhaa, mara linakohoa, linakosa nguvu, linazimika. Ukikaa robo saa au nusu saa, linawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Sasa sikilizeni akili zetu zilivyofanya kazi. Chini ya tangi la Land Rover kuna kizibo cha kutolea petroli wakati wa kusafisha. Tuliinama, tukaona umajimaji chini ya gari, tukaona alama za spana kwenye kizibo, tukasema, “Tumempata. Amefungiwa juu, sasa anatolea chini, na kwa kufungua ovyo ameingiza hewa katika mabomba, ndiyo maana gari linazimika.” Maelezo haya yalikuwa mazuri mno. Yalijibu kila kitu. Hata leo tukiyakumbuka tunaona jinsi yalivyopangika, wala hayakuwa na kweli ndani yake hata kidogo.

Ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili. Mshiriki wetu mmoja alikuwa amefariki huko Kisumu, nasi tukatumwa kumleta nyumbani, upande wa Shinyalu. Mmoja wetu wa kamati alikwenda na gari, ufunguo wa tangi mfukoni. Tukajaza petroli Kisumu mpaka juu, tukachukua jeneza, mjane akaketi mbele, jamaa nyuma, tukaondoka saa nane mchana. Tulipita Mamboleo, tukaanza kupanda. Kabla hatujafika Kiboswa gari likakohoa, likasimama.

Dereva akashuka, akafungua boneti, akatazama, kisha akaja dirishani akasema kwa adabu, “Mzee, naomba ule ufunguo nifungue tangi kidogo.”

Tukamjibu, “Tangi limejaa. Tumelijaza sisi wenyewe sasa hivi. Unataka kulifungua ili iweje?”

Akanyamaza, akarudi kwenye boneti. Ndugu wasikilizaji, hayo ndiyo maneno tuliyosema, mbele ya mjane, karibu na jeneza. Dawa ya gari ilikuwa mfukoni mwetu.

Siku ile gari lilizimika mara sita. Lilizimika Majengo, likazimika Chavakali, vijana wakashuka kusukuma katika mvua, na watu waliokuwa barabarani wakavua kofia walipoona tumebeba nini. Tulipoachana na lami pale Khayega giza lilikuwa limeingia. Tulifika saa mbili usiku. Watu wa boma walikuwa wamesimama na taa tangu jioni, na nyimbo walizoandaa za kumpokea marehemu zilikuwa zimewaisha kooni. Mjane aliposhuka alitutazama tu, akaingia ndani.

Jumatatu tukaandika barua ya kumsimamisha dereva. Jumapili ikasomwa kanisani kati ya matangazo, kwamba amesimamishwa “kwa ajili ya mambo ya petroli.” Hatukuandika neno “wizi”, na wakati ule tuliona kwamba tumetumia hekima. Lakini kila mtu alielewa. Mke wake akaacha kuja katika umoja wa akina mama. Mtoto wake wa darasa la nne, tuliambiwa baadaye, akaitwa “Petroli” na wenzake shuleni mpaka muhula ukaisha. Sisi tulikuwa tumesoma mara nyingi katika Yohana sura ya 7 jinsi Nikodemo alivyosimama peke yake kati ya wakubwa wenzake, akitaka mshtakiwa asikilizwe kwanza. Katika kamati yetu hakukuwa na Nikodemo.

Tukaajiri dereva mwingine. Siku ya pili gari likamzimikia.

Hapo ndipo tulipolipeleka kwa fundi mmoja mzee, katika uwanja wa jua kali hapa mjini Kakamega, mtu aliyezeeka pamoja na magari ya aina hii. Tulimkuta ameketi juu ya tairi. Tulianza kumweleza habari za dereva wa zamani na kizibo cha chini, akatukatiza: “Wazee wangu, mimi sijauliza habari za mtu. Nauliza habari za gari.” Kisha akauliza kama daktari. Huzimika likiwa baridi au likiwa na moto? Huzimika ghafla kama taa, au hukohoa kwanza? Likizimika, hukaa muda gani kabla ya kuwaka? Huzimika upesi zaidi tangi likiwa limejaa, au likiwa karibu kuisha? Swali hilo la mwisho lilitushangaza. Dereva mpya akafikiri, akasema kwamba likijaa huzimika upesi, na likibaki na petroli kidogo hukaza mwendo mrefu. Mzee akatikisa kichwa, akauliza tena: “Na kabla ugonjwa huu haujaanza, ni kitu gani kipya mlichoweka kwenye gari?”

Tukasema, hakuna. Kweli tulisema hivyo, wote watatu. Kifuniko hatukukihesabu kuwa sehemu ya gari. Kwetu sisi kilikuwa sehemu ya ulinzi.

Sasa tuwaeleze njia ya petroli, kwa wale wasioijua. Katika Land Rover hii tangi liko chini ya kiti cha mbele, nalo huchukua kama lita 45. Liko chini kuliko kabureta, basi petroli haiwezi kuteremka yenyewe, lazima ivutwe. Ubavuni mwa injini kuna pampu ndogo. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, na injini ikizunguka hukivuta chini na kukiachia, chini na kuachia. Kikivutwa, petroli huja kutoka kwenye tangi. Kikiachiwa, petroli husukumwa kwenda kwenye kabureta, na huko kuna boya na sindano ya kuifungulia na kuifungia isifurike. Pampu hizi za zamani zina kibakuli cha kioo, unaona petroli kwa macho, na kimkono cha kupampu kwa kidole wakati injini imelala. Waliozitengeneza waliwahurumia mafundi. Magari mengi ya siku hizi yana pampu ya umeme ndani ya tangi, huoni kitu.

Lakini tunaposema pampu huvuta, hatusemi sawasawa. Chukua mrija. Wazee wetu wa zamani walioketi kuzunguka chungu na mirija mirefu walijua jambo hili vizuri kuliko sisi (tusameheni kwa mfano huu, lakini hapa kwetu ni nani asiyeuelewa?). Unapovuta kwa mrija, kinywa chako huondoa tu hewa iliyomo katika mrija, na hewa iliyo juu ya chungu ndiyo inayosukuma kinywaji kipande. Ziba chungu pasiwe na hewa ya kuingia, nawe utavuta mpaka mashavu yaume. Mama anayeuza mafuta ya kupikia kwa rejareja anajua hivyo pia. Kopo lenye tundu moja hutoa mafuta kwa kusitasita, au halitoi kabisa, mpaka atoboe tundu la pili upande wa pili ili hewa iingie. Tena hapa Kakamega tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu husukuma kwa nguvu iliyo pungufu kama asilimia 15 kuliko ile ya Mombasa. Pampu ya huku haina nguvu za kupoteza.

Turudi kwa mzee fundi. Hakugusa spana. Alisema gari haliwezi kupimwa likiwa zima, kama vile homa haipimwi imeshapoa. Akatuambia tujaze tangi, tukafanya hivyo, tukafunga kwa ufunguo wetu, akaketi karibu na dereva, tukaenda barabara ya Kisumu. Tulifika upande wa Ilesi, karibu na lile jiwe liliapo, gari likakohoa, likafa.

Akashuka taratibu. Kwanza akachomoa waya wa plagi moja, akaushika kwa koleo lenye mpira karibu na chuma cha injini, akamwambia dereva apige stata. Cheche ikaruka, ya buluu. “Moto upo,” akasema, “basi koili tuiache.” Alitueleza kwamba koili iliyozeeka nayo huzimisha gari likipata moto na kuliachilia likipoa, na dalili zake hufanana sana na za petroli, ndiyo maana alianza nayo. Akarudisha waya. Kisha akaondoa bomba la hewa juu ya kabureta, akachungulia ndani, akasukuma mtambo wa kukanyagia mafuta. Penye petroli ungeona mchirizi mwembamba ukiruka ndani. Ukaruka mara moja, dhaifu, kisha ukakoma. Kabureta ilikuwa tupu. Akatazama kibakuli cha kioo cha pampu. Nacho kilikuwa tupu, ila tone chini. Akapampu kile kimkono kwa kidole mara kumi, kumi na tano. Hakuna kilichokuja.

“Njaa hii haiko kwa kabureta,” alisema. “Chakula hakijafika mlangoni.”

Angalieni, wasikilizaji, kwamba mpaka hapo hakuwa amefungua kitu chochote cha kununua. Wapo mafundi ambao wangebadilisha plagi, kisha koili, kisha kabureta, kisha pampu, mpaka mwenye gari amenunua gari jipya kwa vipande. Huyu alikuwa anatoka mwisho wa njia na kurudi mwanzo wake, akiuliza kila kituo, “Imefika hapa?”

Akaja nyuma, akasimama mbele ya kifuniko chetu kinachong'aa. Akakitazama kwa muda. “Ufunguo uko kwa nani?”

Mmoja wetu akautoa mfukoni. Akauingiza, akazungusha, na hata kabla kifuniko hakijatoka tukasikia, ssssss, hewa ikiingia kwa kasi kama mtu aliyekuwa amezama akapata kuvuta pumzi. Mzee hakusema kitu. Akarudi kwenye pampu, akapampu mara tatu, na kibakuli cha kioo kikajaa petroli mbele ya macho yetu. Gari likawaka kwa pigo la kwanza.

Kifuniko kile hakikuwa na tundu la kupumulia. Kile cha zamani kilikuwa nalo, dogo, ambalo hatukuwahi kuliona. Hatumlaumu muuzaji, hatukumwambia ni cha gari gani. Tangi likijaa, hewa iliyobaki juu ya petroli ni kidogo, nayo hupungua nguvu mara moja pampu ikivuta. Ndiyo sababu ya lile swali la mzee, na ndiyo sababu siku ya mazishi, tulipojaza mpaka juu Kisumu, hatukufika hata Kiboswa. Baada ya nusu saa hewa kidogo ilikuwa imejipenyeza katika kifuniko, gari likawaka, na ugonjwa ukaanza upya.

Tulitaka kumlipa na kuondoka. Akakataa. Akafunga kifuniko tena, akasema twende mwendo uleule. Likazimika. Akafungua, likawaka. Akaacha kifuniko kimelegezwa, tukaenda mpaka Chavakali na kurudi bila kukohoa hata mara moja. Alisema jambo likitokea mara moja linaweza kuwa bahati. Kisha, tulipofika kwake, akakiondoa kifuniko, akakipeleka mbali na gari, akakitoboa tundu jembamba.

Tuseme neno kwa vijana wetu wa bodaboda, maana wapo wanaotusikiliza. Pikipiki yako nayo ina njia ya hewa kwenye tangi. Ikizibwa na vumbi au matope, itakufanyia mchezo huuhuu. Pikipiki ikikohoa njiani, fungua kifuniko usikilize. Lakini usifungue na sigara mdomoni, wala usivute petroli kwa mpira na kinywa chako kama tulivyozoea. Tone likiteleza kwenda mapafuni ni hatari kubwa. Na petroli ikimwagika, kimbia. Hatujasahau Sachang'wan, njia ya Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipoanguka na watu zaidi ya 100 wakateketea walipokwenda kuteka.

Wala si kila gari linalozimika lina ugonjwa wa kifuniko. Mpira wa kuvutia ukiwa na ufa, pampu hunywa hewa badala ya petroli, kama mrija uliopasuka, na kufungua tangi hakutasaidia. Petroli ikichemka ndani ya bomba wakati wa kupanda mlima polepole juani, kitambaa chenye maji juu ya pampu kitakupa jibu. Maji yakiingia katika petroli, na mvua zetu hizi, utayaona chini ya kibakuli cha kioo yakitengana kama shanga. Wakati ule wengi walizungumza pia habari za petroli kuchanganywa na mafuta ya taa. Ni kweli udanganyifu huo ulikuwako, hata serikali ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha. Lakini gari letu halikuwa na kisa hicho.

Basi mmoja wetu akasema neno ambalo sote tulikuwa tunalifikiri. “Sawa, habari ya kuzimika imeeleweka. Lakini kuzimika si kupungua. Petroli ilikuwa inapungua hata kabla ya kifuniko. Hiyo nayo ilikwenda wapi?”

Tunakiri kwamba ndani yetu tulikuwa tunatamani petroli iwe imeibwa. Tulikuwa tumesoma barua mbele ya kanisa.

Mzee fundi akauliza, “Oili ya gari hili mnaongeza mara ngapi?” Tukajibu kwa fahari kwamba haijaongezwa tangu Krismasi, kwamba gari ni zee lakini halili oili hata kidogo. Akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akatuonyesha. Oili ilikuwa juu ya alama, tena juu sana. Ilikuwa imeongezeka. Akamnyoshea mmoja wetu kile kijiti. “Nusa, mzee.”

Ilinuka petroli.

Kile kiwambo cha pampu kilikuwa na ufa. Si mkubwa, pampu iliweza bado kulisha injini. Lakini kila kilipopanda na kushuka, petroli kidogo ilipenya ufani. Nyingine iliteremka ndani ya injini na kuchanganyika na oili, nyingine ikatoka kwa tundu dogo lililo chini ya pampu na kudondoka barabarani. Ule umajimaji tuliouona chini ya gari ulitoka huko. Alama za spana kwenye kizibo? Mzee alizitazama akasema zina kutu ya miaka mingi. Akatuambia pia kwamba oili iliyoyeyushwa na petroli haiwezi kulinda vyuma, na kwamba kwa miezi michache zaidi tungeua injini, au tungewasha moto ambao hatungeuzima. Akaondoa pampu, akatuonyesha ufa kwa mwanga, mwembamba kama unywele. Akaweka kiwambo kipya, akamwaga oili yote, akatia mpya. Juma lililofuata tulipima: kilomita 6 kwa lita.

Tulikwenda kwa dereva wetu Alhamisi jioni, sote watatu, pamoja na mchungaji. Mke wake alitupa viti nje, chini ya mti, wala hakutukaribisha ndani, nasi tulielewa. Tulimweleza yote, kifuniko na kiwambo, tukamwomba msamaha. Alisikiliza akitazama chini. Kisha akasema, “Wazee wangu, siku ile tulipombeba marehemu, nilipoomba ufunguo, nilikuwa nataka kusikia tu kama tangi litapumua.”

Hatukuwa na jibu.

Mmoja wetu akasema kwamba barua ya kumrudisha kazini iko tayari. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaturudishia. “Ile ya kwanza mlisoma wapi?” Tukasema, kanisani. “Aliisoma nani?” Tukamtaja. “Basi hii naye aisome huyohuyo, palepale. Na isiandikwe ‘mambo ya petroli’. Iandikwe nini kilichokuwa kibovu na nani aliyenunua kifuniko.” Mchungaji akasema ni haki. Tukarudi kuandika upya, na tunawaambia, ndugu zetu, ile ya kwanza tuliiandika kwa dakika kumi, hii ilituchukua jioni mbili.

Ilisomwa Jumapili, baada ya matangazo ya mazishi na kabla ya sadaka. Neno “kiwambo” lilibidi kuelezwa, na msomaji akaeleza kwa mfano wa ngoma. Mjane wa Shinyalu alikuwako. Baada ya ibada alimwendea dereva, wakasalimiana kwa mikono, wakaongea kidogo pembeni, walichoongea hatukijui. Mtoto wa darasa la nne alikuwa ameketi kati ya wazazi wake, ameshika kitabu cha nyimbo.

Dereva hakurudi kwetu. Alikuwa ameshapata kazi ya lori la miwa upande wa Malava, yenye mshahara kuliko wetu. Lakini Jumamosi mojamoja akiwa mjini hupita uani kwa kanisa, bila kuitwa. Hufungua boneti mwenyewe, huvuta kijiti cha oili, hukipangusa kwa kitambaa, hukirudisha, hukivuta tena, hunusa.